Ganzi ya vidole kazini: nikate miguu ya meza au nidai kiti kipya?

BintiMakorora

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia nipake mafuta ya nyonyo, maana mama mkwe ameshanipaka chupa nzima na mkono ni uleule.

Nafanya kazi Tanga mjini, kwenye ofisi moja ya wakala wa forodha. Jina nalihifadhi, nataka kesho niamke nina kazi. Mimi ndiye ninayeingiza nyaraka kwenye kompyuta: ankara, orodha za mizigo, namba za chesisi ambazo ukikosea herufi moja gari la watu linalala bandarini na wewe unalala na simu zao. Zamani ilikuwa kazi ya kupumulia. Meli zilikaa nangani, mzigo ukashushwa kwa matishari, karatasi zikaja mojamoja. Tangu kina kichimbwe na meli kubwa zianze kufunga gatini, karatasi zinakuja kama dagaa wa siku za giza. Nakaa saa mbili asubuhi, nainuka adhuhuri kuswali na kula, narudi kitini mpaka saa kumi na moja.

Ganzi ilianza usiku. Naamka saa tisa, mkono wa kulia umekufa, umejaa sisimizi: kidole gumba, cha shahada, cha kati, na upande mmoja wa cha pete. Kidole kidogo kizima kabisa, kinaniangalia tu. Naukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta nguo kabla ya kuanika, dakika mbili tatu damu inarudi, nalala. Sasa yamehamia mchana. Wiki iliyopita kikombe cha chai ya maziwa kimeniponyoka mbele ya mteja, chai yote juu ya ankara zake. Yeye mwenyewe, mtu wa watu, ndiye aliyeniambia hiyo inaitwa kapali taneli, dada yake aliugua, na dawa yake ni kiti cha kisasa.

Nikamwendea bosi. Si mtu mbaya, ila ana mkono mzito. Kwanza alininunulia ule mto wa jeli wa kuegemezea mkono mbele ya kibodi. Nimeuegemea mwezi mzima na ganzi ndiyo kwanza imenoga. Sasa kaniambia nichague jambo moja tu, moja, atalipia: ama kiti kipya ama fundi aje anikatie miguu ya meza.

Kiti nilicho nacho ni cha kuzunguka, kimeishiwa gesi. Nikikipandisha asubuhi, ikifika saa nne kimenishusha taratibu kama maji ya bamvua yanavyokupwa, nami nabaki kidevu kiko karibu na meza. Nimeongeza mto wa sofa. Meza yenyewe ni ya mvule, ya kale, ina droo katikati, nimeipima ina sentimita 76 kutoka sakafuni. Ukingo wake mkali, jioni nikitazama mkono naona mstari mwekundu mahali palipokuwa panagusa mbao. Mimi mfupi, futi tano kasoro kidole. Nimejipima kiwiko nimepata sentimita 94.

Nichague nini? Nikikosea hapa sipati tena mpaka meza ife, na mvule haufi.


FundiNgamiani

Waalaikumu salaam dada. Mimi seremala, karakana yangu iko Ngamiani, barabara siitaji nisionekane natafuta wateja. Nakuomba kwa jina la Mungu usiruhusu mtu akate miguu ya hiyo meza.

Nimewahi kukata, ndiyo maana nasema. Mama mmoja mhasibu alikuja na maneno kama haya yako, nikamkatia sentimita 10, nikapokea changu, nikaenda. Siku ya pili ananipigia simu: mapaja hayaingii. Nilisahau droo. Meza inashuka pamoja na droo yake! Nikarudi kuing'oa bure, nikauchonga na ule ubao wa mbele unaoshika miguu ili apate nafasi, mpaka meza ikaanza kucheza kama jino bovu. Mvule ukishakatwa haurefuki, dada yangu.

Halafu hicho kipimo chako cha 94 umejipima umesimama. Hakina kazi. Kaa kitini, ondoa mto wa sofa, acha kiti kishuke kinapotaka kufika. Nyayo zote chini. Mabega yaache yaanguke, kiwiko kiwe karibu na mbavu, kunja mkono kama mtu aliyebeba sinia. Mwambie mwenzako apime kutoka sakafuni mpaka chini ya kiwiko. Hapo ndipo kibodi yako inapotakiwa kuwa, au chini yake kidogo. Mtu wa kimo chako aghalabu anaangukia kwenye sentimita 60 na kitu.

Meza za ofisi tunazochonga sisi zina 75 au 76. Kimo hicho kinamfaa mtu wa kalamu, maana mwandishi wa kalamu huinamia karatasi na mkono mmoja ndio unaotembea. Anayechapa anataka chini zaidi. Ukikaa chini ya meza yako ilivyo, unafanya mawili kwa pamoja: unanyanyua mabega, na unavunja kifundo cha mkono kurudi nyuma ili vidole vifike juu ya vitufe. Na ule ukingo unakukata katikati.

Piga vipimo upya: kiwiko umekaa, kimo cha kiti kikiwa chini kabisa, unene wa ubao wa juu wa meza, na kina cha droo. Ukiniletea hizo namba nne nitakwambia la kufanya, na inawezekana usihitaji wala kiti wala msumeno.


MnyooshaViungo

Fundi amesema ya meza vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi. Kazi yangu ni fiziotherapia, basi niseme ya mkono.

Dada, pale kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, pana handaki dogo, ndiyo hiyo "taneli" aliyokutajia mteja wako. Sakafu yake na kuta zake ni vifupa, paa lake ni utepe mgumu usiovutika. Ndani ya nafasi hiyo zinapita kano 9 zinazokunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba, au kifundo kikikunjwa mbele au nyuma, msongamano unaongezeka, na anayeumia ni huyo mshipa kwa sababu ndiye laini kuliko wenzake. Si damu iliyokatika, ingawa kila mtu husema hivyo.

Mshipa huo unahudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake, unapita nje ya handaki. Uliposema kidole kidogo "kinaniangalia tu" uliniambia mengi kuliko sentimita zako zote. Ganzi ingekuwa ya cha mwisho na cha pete ningekuuliza unavyoegemea kiwiko, au unavyoshika usukani wa baiskeli. Watu wa Tanga na baiskeli zetu, hao nawaona kila wiki.

Usiku huzidi kwa kuwa tukilala tunakunja mikono chini ya shavu kama watoto. Kukung'uta kunasaidia, na daktari akisikia mgonjwa anakung'uta mkono usiku hutega sikio.

Jipime hivi. Geuza viganja chini, gusanisha migongo ya mikono miwili mbele ya kifua, vidole vikitazama sakafu, viwiko nje. Kaa hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile kabla dakika haijaisha, ni dalili. Kipimo hiki kina jina la Phalen, daktari wa mikono wa Marekani aliyekieneza miaka ya 1950. Si hukumu ya mwisho, daktari ana vipimo vingine vya kukuandikia, lakini utajua unaongea nini ukifika kwake.

Ule mto wa jeli uondoe leo. Hauna kosa, kosa ni namna tunavyoutumia: umetengenezwa upumzishe kiganja unapoacha kuchapa, sisi tunaulalia tukichapa, na tunalalia juu ya handaki lenyewe. Na geuza kibodi uone kama umesimamisha vile vimiguu vya nyuma. Vikunje. Vinainua kibodi upande wa mbali na kukuvunja kifundo zaidi.

Ila huyo mteja wako asikudanganye kwamba kiti ni dawa. Kuhusu kuchapa peke yake wataalamu bado wanabishana kama kunatosha kuleta ugonjwa huu. Wasichobishania sana ni kazi za nguvu, kukunja kifundo kwa kurudiarudia huku umebana kitu, na zana zinazotetema. Tena kuna yanayotoka mwilini: ujauzito, kisukari, tezi ya shingo ikilegea, ugonjwa wa kuvimba viungo, unene, kifundo kilichowahi kuvunjika. Na wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Basi nakuuliza kama ndugu: una mimba? Sukari umepima lini? Na ukitoka ofisini, mikono yako inashughulika na nini?


MzeeWaKorona

Wajukuu mnanichekesha. Sentimita, jeli, mto wa sofa! Mimi ujana wangu umeishia shamba la mkonge njia ya Muheza, kwanza korona, ile mashine ya kuparua majani ya mkonge yabaki singa, yaani nyuzi zake, kisha mashine ya brashi. Unashika tita la singa kwa mikono miwili, unaliingiza kwenye ngoma inayozunguka, inavuta, nawe unavuta, kutwa nzima, na ngoma inatetema mpaka meno. Hatukuwa na kiti hata cha mbao.

Usiku kambini ungesikia wanaume wanakung'uta mikono gizani. Tulisema umande umeingia. Nimesoma hayo ya vidole vitatu na nusu nikanyamaza kidogo. Ndivyo ilivyokuwa.

Nyama ya chini ya gumba langu la kulia imelala bapa, nyie mtaita nini sijui. Vifungo vya shati ananifungia mjukuu. Dada, usingoje kama mimi. Na samahani kwa kucheka.


MnyooshaViungo

Shikamoo mzee. Hiyo nyama ikishalala bapa maana yake mshipa umebanwa muda mrefu mpaka misuli ya gumba imekosa chakula chake. BintiMakorora, weka viganja vyako viwili sambamba, tazama vinundu vya chini ya magumba. Kama cha kulia kimepungua kuliko cha kushoto, au vikombe vinaendelea kukuponyoka, usisubiri fundi wala bosi. Nenda Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu nawe, wiki hii.


BintiMakorora

Shikamoo babu, na wala usiombe samahani, umenifanya nitazame viganja vyangu mara kumi. Namshukuru Mungu vinundu viko sawasawa, ila cha kulia kikibonyezwa kilegevu kidogo. Nimekwenda hospitali jana. Daktari kanigongagonga kifundo kwa kidole, umeme ukaruka mpaka kwenye cha kati, akasema "aha" ya kidaktari. Kile kipimo cha dakika moja sikufika nusu. Mimba sina, wa mwisho wangu yuko darasa la kwanza. Sukari iko sawa. Ya tezi wamenitoa damu, majibu bado.

Sasa hili la nje ya ofisi. Nilikuwa nimelificha kwa sababu huenda bosi yumo humu anasoma, na ofisini hawajui.

Nauza vitumbua. Nina wateja Makorora na duka moja karibu na sokoni. Kila usiku baada ya Isha nakaa juu ya mbuzi, nakuna nazi nane, siku ya Alhamisi kumi na mbili. Nazi naishika kwa mkono wa kulia, naisukuma na kuigeuza juu ya meno ya mbuzi, kifundo kimekunjwa kabisa, na nguvu yote inatoka hapohapo. Nikimaliza natia kwenye kifumbu, nakamua tui kwa kukisokota. La kwanza, la pili, la tatu. Miaka mitatu sasa.

Nilipokuwa naandika swali langu la kwanza nilikuwa nimetoka kukamua.


MnyooshaViungo

Basi mbuzi kapatikana.

Sikwambii uache biashara, najua ada za shule. Nakwambia kukuna na kusokota viondoke kwenye mkono wa kulia kwa wiki sita kwa uchache. Sokoni kuna wenye mashine za kukunia, wape nazi. Tui, badala ya kusokota kifumbu, tia machicha kwenye kitambaa, kiweke kwenye chujio juu ya sufuria, ukandamize kwa kitako cha kiganja cha kushoto au kwa uzito wa sufuria nyingine. Litatoka pungufu kidogo, utastahimili.

Usiku vaa banzi la kifundo, lile lenye kipande kigumu upande wa kiganja, kifundo kikiwa kimenyooka, hakijainama mbele wala nyuma. Usijifunge bandeji ya mpira na kuikaza, hapo unalibana handaki unalotaka kulipanua. Kama daktari amekuandikia vingine, mfuate yeye. Sindano ipo, upasuaji wa kuukata ule utepe wa juu upo na unasaidia wengi, ila kwa kawaida haianziwi huko kwa mtu ambaye misuli yake ingali hai.

Na meza irekebishwe vilevile. Mshipa uliochubuliwa usiku na mbuzi, mchana haufai kukandamizwa na mvule.


KalamuNyekundu

Niingilie kidogo, mimi ni mtu wa chama cha wafanyakazi, nimechoka kusikia "bosi kaniambia nichague moja". Dada, hiyo si hisani. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inamdai mwajiri mazingira ya kazi yasiyokuumiza, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wapo kwa ajili hiyo. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri ndiye anayeuchangia, mshahara wako haukatwi hata senti, na unahusu magonjwa yanayotokana na kazi, si ajali peke yake.

Ila sasa umeshatangaza nazi nane mbele ya umma. Ukifika huko utaulizwa, nawe useme kweli, nazi zote nane na za Alhamisi. Kwa sasa dai meza.


BintiMakorora

Kaka Kalamu, wewe utanifukuzisha kazi. Lakini nimechukua.

Fundi, vipimo hivi hapa. Nimepimwa na mwenzangu, nimekaa, kiti kimeshuka mpaka chini, mto nimeutoa. Kiti 42. Kiwiko 64. Ubao wa juu wa meza sentimita 3, droo ina kina cha 10. Visigino haviishiki sakafu vizuri, vinaelea kidogo.


FundiNgamiani

Sawa kabisa. Sasa tazama: 76 toa 3 toa 10, chini ya droo ni 63. Kiwiko chako 64. Yaani mahali pa kibodi yako pameshachukuliwa na droo, tena droo ya kuwekea nini, pini na mihuri mibovu.

Ng'oa droo. Kwenye nafasi yake nafunga ubao wa kuteleza, sura yake ya juu isimame kwenye 63 na nusu. Ukitoa unene wa ubao, chini yake panabaki 61 na kitu. Kiti 42, paja la mtu wa kimo chako kama 14, jumla 56. Unabakiwa na sentimita tano za kupumua. Ubao uwe wa urefu wa kutosha kibodi na kipanya vikae pamoja. Wengi hukosea hapo, kibodi wanaishusha, kipanya kinabaki juu ya meza, mkono wa kulia unaparamia ukuta kutwa nzima. Chini ya miguu nakupa kibao cha sentimita 3, chenye mlalo kidogo. Ukingo wa ubao nauvunja kwa randa uwe mviringo kama wa sinia.

Kiti usinunue. Gesi imekufa, inakushusha kwenye 42, na 42 ndiyo yako. Umekuwa ukipigana nacho kila asubuhi bure, na mto juu yake.

Mwambie bosi umechagua jambo moja: ubao. Hata nusu ya bei ya kiti haufiki.


BintiMakorora

Nimerudi baada ya wiki tano, maana kuna watu wananiandikia pembeni wanauliza nimeishia wapi.

Fundi alikuja Jumapili ofisi ikiwa tupu. Bosi alipoona bei alitaka kucheka, kisha akauliza kama anaweza kuwafanyia na wenzangu wawili, maana mmoja naye ameanza kukung'uta. Siku tatu za mwanzo nilijiona kama nachapia mapajani. Nilikosea namba za chesisi kuliko mwaka mzima. Siku ya nne mabega yakaanza kushuka yenyewe, nikagundua kumbe nilikuwa nayabeba masikioni miaka yote. Mstari mwekundu mkononi umefutika. Kipanya nimekihamishia kushoto nusu ya siku, nakitembeza kama mlevi lakini kinafika.

Nazi zinakwenda mashineni. Kijana wa mashine ananiuliza kila siku mbuzi wangu kafa lini. Tui nakandamiza kwa sufuria, wateja wawili wamesema vitumbua vimepungua utamu wa nazi, mmoja kasema vimezidi. Banzi navaa usiku. Mume wangu anasema analala na mlinzi wa getini.

Usiku wa ganzi ulikuwa kila siku, sasa ni kama mara mbili kwa wiki, na nyingi ni baada ya Alhamisi. Mchana, kidole cha kati bado kina kijiganzi kwenye ncha, nikishika shilingi sijui kichwa ni upande gani. Majibu ya tezi yamekuja mazuri. Daktari kasema nirudi wiki ya nane, bado kukiwa hivi tutazungumza sindano. Mimi ganzi na sindano najua ninayoiogopa zaidi, ila nitarudi.

Sasa tatizo jipya. Jumamosi meza yangu anaitumia kaka mmoja wa ofisini, mrefu, futi sita na chenji. Wiki ya kwanza amegonga magoti kwenye ubao mara nne na kunitumia ujumbe wa kila pigo. Kibao cha miguu kimemkwaza. Kiti kikiwa 42 magoti yake yako kifuani. Anataka droo irudi. Fundi, nifanyeje? Bosi ameshaanza kuuliza meza ni ya nani.


FundiNgamiani

Mpe pole ya magoti. Kosa langu, sikuuliza kama mnashiriki meza.

Droo hairudi. Ule ubao nimeufunga kwa skurubu, nitazitoa nitie boliti zenye nati za masikio, zile za kufungua kwa vidole bila spana. Ijumaa jioni unafungua nne, ubao unauegemeza ukutani, Jumatatu unarudisha. Yeye kwa kimo chake anachapia juu ya meza bila shida. Ila gumba lako la kulia usilitumie kufungulia nati, fungua kwa kushoto.

Kiti nacho, kata kipande cha bomba la plastiki la maji, kipasue upande mmoja kwa urefu wake, kivalishwe kwenye kile chuma chembamba chini ya kikalio, kikalie juu ya bomba nene. Akiinua kiti Jumamosi anakivalisha, hakishuki tena, akimaliza anakivua, kiti kinakurudia kwenye 42. Urefu wa bomba ndio urefu wa kiti, kwa hiyo lazima nijue namba yake kabla sijakata.

Mpime umbali wa kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, na kiwiko. Akiwa amekaa, dada. Usiniletee tena kiwiko cha mtu aliyesimama.